Mbawakawa na Majina Yake: Umbo, Uainishaji na Istilahi katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Katika masoko ya Uvira, kuanzia Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi hadi Kalundu penye bandari, mnunuzi wa maharage huingiza mkono ndani ya gunia, huchota konzi moja na kuitazama kabla ya kuuliza bei. Punje zikiwa na matundu ya mviringo, hukumu hutolewa kwa maneno machache: "Iko na tududu." Hukumu hiyo hiyo hutolewa juu ya mahindi, juu ya muhogo mkavu na juu ya samaki waliokaushwa. Neno ni moja kwa bidhaa zote, na matokeo ni mamoja: bei hushuka, au mnunuzi huenda zake.

Kwa haja ya soko neno hilo latosha. Kwa haja ya ghala na ya darasa halitoshi. Mdudu wa maharage, mdudu wa muhogo mkavu na mdudu wa samaki mara nyingi ni mbawakawa wote watatu, lakini ni wa familia tatu mbalimbali. Hawali kwa namna moja na hawazuiliwi kwa njia moja. Katika familia moja aharibuye ni mtoto, na katika nyingine ni mzazi. Mkulima aliyepewa jina moja kwa wote hupewa pia dawa moja kwa wote, na dawa hiyo ikishindwa hasara ni yake.

Makala haya yana shabaha tatu: kueleza umbo la mdudu kwa jumla na la mbawakawa kwa namna ya pekee, kuonyesha jinsi mbawakawa wanavyoainishwa, na kupima uwezo wa Kiswahili, hasa Kiswahili kisemwacho Uvira na bonde la Ruzizi, wa kubeba maarifa hayo. Katika shule za sekondari za Kongo somo la biolojia hufundishwa kwa Kifaransa, ilhali maelezo ya ghala hutolewa kwa Kiswahili. Istilahi zisipokutana, aliyejifunza shuleni hawezi kumweleza mzazi wake alichojifunza.

2. Muundo wa mwili wa mdudu

Neno "mdudu" katika mazungumzo ya kawaida hujumlisha mengi: buibui, nge, tandu, minyoo, hata vijidudu vya maradhi visivyoonekana kwa macho. Katika biolojia neno hilo limewekewa mipaka. Mdudu ni mnyama asiye na uti wa mgongo, mwenye miguu sita, na mwili uliogawanyika katika sehemu tatu: kichwa, kidari na fumbatio. Kwa kipimo hicho buibui hutoka, kwa kuwa ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili. Tandu hutoka kwa wingi wa miguu, na mnyoo kwa kukosa miguu kabisa.

Mdudu hana mifupa ndani. Kiunzi chake kiko nje, nacho ni ganda lililotengenezwa kwa kitini na protini, lililopakwa juu tabaka jembamba la nta. Ganda hilo hulinda mwili, hushikilia misuli, na kwa msaada wa nta huzuia maji ya mwilini yasipotee. Kwa kuwa ganda haliwezi kutanuka sana, mdudu akuaye hana budi kujivua ganda la zamani na kufanya jipya, mara kadhaa katika maisha yake.

Kichwani mna macho mawili makubwa, kila moja likiwa limeundwa kwa vijicho vidogo vingi. Vipapasio viwili vya kunusia na kugusia. Na viungo vya kinywa. Kidari kina pingili tatu, na kila pingili hubeba jozi moja ya miguu. Kwa wadudu wenye mabawa, pingili ya pili na ya tatu hubeba pia mabawa. Fumbatio ndilo lenye sehemu kubwa ya utumbo pamoja na viungo vya uzazi.

Mdudu hapumui kwa kinywa wala kwa mapafu. Ubavuni mwa kidari na fumbatio mna matundu madogo ya pumzi, na kutoka hapo hewa hupita katika mirija inayogawanyika mpaka ikawa myembamba sana na kufikia kila kiungo. Damu yake, ambayo kwa kawaida si nyekundu, huchukua chakula lakini haina kazi kubwa ya kuchukua oksijeni. Nta ya juu ya ganda na matundu ya ubavuni ndiyo milango miwili ambayo mwenye ghala anaweza kuifunga au kuiharibu, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya saba.

3. Umbo la mbawakawa

Alama kuu ya mbawakawa iko katika mabawa ya mbele. Kwa wadudu wengi mabawa yote manne ni ya kurukia. Kwa mbawakawa jozi ya mbele imegeuka kuwa vifuniko vigumu, na jozi ya nyuma, iliyo nyororo kama karatasi nyembamba, imekunjwa chini yake. Mbawakawa akitaka kuruka huinua vifuniko, hukunjua mabawa ya nyuma, na hayo ndiyo yampelekayo hewani. Akitua huyakunja tena na kuyafunika.

Jina la kimataifa la kundi hili, Koleoptera, limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya ala na la pili bawa. Lilitumiwa na Aristotle, kisha Linnaeus akalishika katika toleo la 10 la kitabu chake cha uainishaji, mwaka 1758. Msemaji wa Kiswahili naye husikia katika neno "mbawakawa" maneno mawili: mbawa, na kawa, yaani kile kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukili. Mwalimu anaweza kuutumia usikivu huo darasani, kwani mwanafunzi aliyewahi kuona sahani imefunikwa kawa hatasahau ni jozi ipi ya mabawa iliyo kifuniko.

Alama nyingine ni hizi. Vifuniko vya mbawakawa hukutana katikati ya mgongo kwa mstari mmoja ulionyooka. Kinywa chake ni cha kukata na kutafuna, chenye mataya mawili yafungukayo kwa upande kama koleo. Pingili ya kwanza ya kidari huonekana juu kama ngao nyuma ya kichwa. Pingili mbili zilizobaki hufichwa na vifuniko, hivyo anayemtazama mbawakawa kwa juu huona kichwa, ngao na vifuniko, akadhani amekwisha kuona kichwa, kidari na fumbatio. Hili ni kosa la kawaida katika michoro ya wanafunzi. Dawa yake ni kumgeuza mdudu chali na kuhesabu miguu: mahali miguu yote sita ilipoota ndipo penye kidari.

Kwa alama hizo mbawakawa hutengwa na mende wa jikoni, ambaye wasemaji wengi humchanganya naye. Mabawa ya mbele ya mende ni laini kidogo kama ngozi, yanaonyesha mishipa, na moja hulalia juu ya jingine badala ya kukutana kwa mstari. Hutengwa pia na kunguni na jamaa zake wa mimea, ambao wana mrija wa kufyonzea badala ya mataya ya kutafunia. Msemaji amwitaye mbawakawa mkubwa mweusi kwa jina la "mende" hapaswi kuchekwa, kwa kuwa katika toleo lile lile la mwaka 1758 Linnaeus mwenyewe alimweka mende ndani ya Koleoptera. Wataalamu waliofuata ndio waliomtoa.

4. Hatua nne za maisha

Tofauti kubwa zaidi kati ya mende na mbawakawa haiko katika umbo la mzazi bali katika ukuaji wa mtoto. Mtoto wa mende hutoka katika yai akiwa amefanana na wazazi wake, ila ni mdogo na hana mabawa. Mbawakawa hupita hatua nne: yai, buu, pupa na mdudu kamili. Buu hafanani hata kidogo na mzazi. Ana mwili laini wa pingili, hana mabawa, na mara nyingi hudhaniwa kuwa mnyoo. Kazi yake ni kula na kukua. Akishiba siku zake hutulia, hageuki wala hali, na mwili wake hujengwa upya ndani ya ganda. Hiyo ndiyo hatua ya pupa. Atokapo humo ni mbawakawa mwenye mabawa, na tangu hapo hakui tena.

Katika sehemu hii istilahi huleta shida za kweli. Neno "funza", ambalo wengi hulitumia kwa buu wa kila namna, ni pia jina la mdudu aingiaye katika nyayo za watu, ambaye ni jamaa ya kiroboto. Neno "lava" latumika katika vitabu kwa maana ya buu, lakini kwa mtu wa Kivu lava ni moto wa mawe unaotiririka kutoka Nyiragongo, uliofika ndani ya mji wa Goma mwaka 2002 na kwenye viunga vyake mwaka 2021. Neno "pupa" nalo katika Kiswahili cha kila siku lina maana ya haraka na uroho, ilhali hatua ya pupa ni ya utulivu na kutokula. Mwanafunzi asikiaye kwamba mdudu "yuko katika pupa" ana haki ya kuelewa kinyume.

Sarufi yenyewe hutoa sehemu ya ufumbuzi. Katika Kiswahili sanifu majina ya viumbe wenye uhai hupatanishwa kama jina "mtu", lolote liwalo umbo la neno. Hivyo "pupa hii" ni haraka, na "pupa huyu" ni mdudu. "Lava hii" ni ya volkano, na "lava huyu" ni wa yai. Hata hivyo upatanisho huo hauna nguvu ile ile katika mazungumzo ya mashariki ya Kongo, hasa neno linapotamkwa kwa umbo la udogo. Kwa darasa la Uvira ni salama zaidi kushika "buu" kwa hatua ya pili, na kusema "hatua ya pupa" kwa ukamilifu badala ya kuliacha neno "pupa" peke yake.

5. Uainishaji wa mbawakawa

Spishi za mbawakawa zilizokwisha kuelezwa na wataalamu ni takriban 400,000. Maana yake ni kwamba katika kila spishi tano za wadudu zijulikanazo, karibu mbili ni mbawakawa. Hakuna oda nyingine ya wanyama inayokaribia wingi huo.

Ngazi za uainishaji ni kama zilivyo kwa wanyama wote. Mbawakawa wako katika himaya ya wanyama, faila ya arithropoda, ngeli ya wadudu, oda ya Koleoptera. Chini ya oda kuna nusuoda nne, na mbili kati yake zina karibu spishi zote. Ya kwanza ni Adefaga, ambayo wengi wao ni wawindaji. Humo mna Carabidae wakimbiao ardhini usiku, na Gyrinidae wazungukao juu ya maji tulivu ya mito na vidimbwi, ambao kila jicho lao limegawanyika, nusu ikitazama juu ya maji na nusu chini. Ya pili ni Polifaga, yenye zaidi ya robo tatu ya spishi zote, na ndiyo yenye mbawakawa wengi wanaokutana na binadamu nyumbani na shambani.

Kwa msomaji wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, familia zifuatazo za Polifaga zastahili kujulikana kwa majina:

a) Chrysomelidae. Humo mna wadudu wa maharage, hasa Acanthoscelides obtectus na Zabrotes subfasciatus. Wote wawili walitoka Amerika, kama maharage yenyewe. Buu hula ndani ya punje; mzazi hali punje kamwe.

b) Bostrichidae, yaani jamaa ya dumuzi. Mwili wao ni kama silinda fupi, na ngao imefunika kichwa kama kofia. Hutoboa nafaka, muhogo mkavu na mbao, na mzazi ndiye atoboaye zaidi.

c) Curculionidae, yaani fukusi. Kichwa kimerefuka mbele kama mdomo wa ndege, na mataya yako mwishoni mwake. Kuna fukusi wa mahindi na mchele, na wa migomba. Jamaa yao wa karibu ni Rhynchophorus phoenicis, mkubwa kuliko hao, ambaye buu wake hula ndani ya shina la michikichi.

d) Scarabaeidae. Humo mna wale waviringishao mavi ya ng'ombe na kuyazika, kazi irutubishayo udongo, na pia Oryctes, dundu mwenye pembe, ambaye mzazi hutoboa kilele cha mchikichi ilhali buu wake hula magogo yaliyooza.

e) Dermestidae. Dermestes maculatus na jamaa zake hula samaki wakavu, ngozi na nyama kavu. Buu ana manyoya mengi, naye pamoja na mzazi wote wawili hula.

f) Coccinellidae, wadudu wadogo wa mviringo, wengi wakiwa wekundu au wa manjano wenye madoa meusi. Walio wengi hula vidukari na wadudu wengine wafyonzao mimea, buu na mzazi pamoja.

g) Lampyridae, yaani kimulimuli, ambaye taa yake iko chini ya fumbatio.

Orodha hii yaonyesha jambo ambalo neno "tududu" halionyeshi. Katika maharage mlaji ni buu. Kwa dumuzi mzazi ana sehemu kubwa ya hatia. Katika michikichi dundu mzazi ndiye adui, bali kwa Rhynchophorus adui ni buu, ambaye kwa upande mwingine ni chakula kipendwacho, kiuzwacho Kinshasa kwa jina la mpose. Kwa hiyo swali "ni mdudu gani?" halikamiliki bila swali la pili: "yuko katika hatua gani?"

Katika historia ya utafiti eneo hili halikusahauliwa. Taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, ilikuwa na makao Lwiro karibu na Bukavu na kituo Uvira kwa ajili ya uchunguzi wa ziwa. Mmoja wa watafiti wake alikuwa Mbelgiji Narcisse Leleup (1912-2001), mtaalamu wa mbawakawa wadogo waishio udongoni, aliyekusanya wadudu wengi katika milima ya mashariki ya Kongo. Jina lake limebaki ziwani pia: yule samaki mdogo wa manjano wa Ziwa Tanganyika, Neolamprologus leleupi, aliyeelezwa na Poll mwaka 1956, ameitwa kwa heshima yake.

6. Ngeli za sarufi na ngeli za biolojia

Wanaisimu wa Kiswahili na wanabiolojia hutumia neno moja, "ngeli", kwa mambo mawili. Kwa mwanaisimu ngeli ni kundi la nomino zenye upatanisho mmoja. Kwa mwanabiolojia ni ngazi iliyo juu ya oda. Si ajabu wanafunzi wakauliza kama mbawakawa wana "ngeli" moja. Jibu ni kwamba kwa biolojia wanayo moja, na kwa umbo la majina yao wametawanyika. "Dundu" lina wingi wa "madundu". "Kimulimuli" liko pamoja na "vimulimuli". "Mbawakawa" na "fukusi" hayabadiliki katika wingi. Mnyama mmoja naye aweza kuitwa mdudu, dudu, kidudu au, kwa Kiswahili cha Uvira, kadudu, na kila mara nomino yahama ngeli bila mnyama kuhama popote.

Umbo la ka- na tu- lastahili maelezo. Kiswahili sanifu kimeachana nalo na huunda udogo kwa ki- na vi-. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimelihifadhi, likisaidiwa na lugha jirani kama Kifuliiru na Kirundi ambazo pia zinalo. Husemwa "kadudu kale kanakula", upatanisho ukifuata udogo na si uhai. Basi jambo la kwanza litajwalo na neno hilo ni kimo cha mdudu, na mara nyingi pamoja na kimo huja dharau, kwani kitu cha ka- ni kitu kisichostahili kuhangaikiwa. Ilhali mzazi wa mdudu wa maharage, ambaye urefu wake haufiki nusu sentimita, hutaga makumi ya mayai, na katika joto kama la mwambao wa ziwa kizazi kipya hutoka baada ya wiki 4 hadi 6. Magunia huisha kwa hesabu hiyo, si kwa ukubwa wa mlaji.

Haifuati kwamba uainishaji wa wasemaji ni wa ujinga na wa wanabiolojia ni wa akili. Kila uainishaji una kigezo chake. Sarufi hupanga kwa upatanisho, soko kwa bidhaa iliyoharibiwa, na biolojia kwa umbo na ukoo. Kosa huanza kigezo kimoja kinapopewa kazi ya kingine. Jina "mdudu wa maharage" lamwambia mnunuzi linalomhusu. Haliwezi kumwambia mwenye ghala kama aliyemwona juu ya punje ndiye aliyeila.

7. Majina yapotoshayo, na mwili uelezao

Mfano mzuri wa jina lipotoshalo ni yule mdudu mwembamba mwenye pete nyekundu na nyeusi ambaye Afrika Mashariki humwita kwa jina la Nairobi, wakiliongezea neno la Kiingereza lenye maana ya nzi. Si nzi. Ni mbawakawa wa jenasi Paederus, familia ya Staphylinidae, ambao vifuniko vyao ni vifupi hata fumbatio hubaki wazi. Wengi huamini kwamba huuma au hukojoa. Hafanyi lolote kati ya hayo. Sumu yake, iitwayo pederini, imo ndani ya damu yake, nayo hufika kwenye ngozi mtu anapomponda. Mtu amwonaye kuwa nzi humpiga kofi, na kofi hilo ndilo lisababishalo kidonda. Ajuaye mwili wake humpuliza au humwondoa kwa karatasi, kisha huosha mahali pale kwa maji na sabuni.

Mfano wa pili ni dumuzi mkubwa, Prostephanus truncatus. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na katika Afrika alionekana kwanza Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la Scania, jina la malori makubwa. Jina hilo halisemi lolote juu ya umbo lake, lakini lina hekima yake: halimdharau. Ulinganisho wa "Scania" na "kadudu" waonyesha jinsi jina laweza kumwamsha au kumlaza mwenye ghala.

Basi mwili wa mbawakawa waeleza nini kuhusu ghala? Kwanza, desturi ya kuchanganya majivu makavu na maharage ina msingi. Majivu huparuza na kufyonza nta ya ganda, mdudu hupoteza maji na kukauka. Tena hujaza nafasi kati ya punje na kumzuia kutembea. Pili, chombo kisichopitisha hewa huua kwa kupitia matundu ya pumzi. Wadudu humaliza oksijeni iliyomo, na hata buu aliyefichwa ndani ya punje hafiki mbali. Sharti lake ni kwamba nafaka iwe kavu na chombo kisiwe na tundu, na mwenye dumuzi akumbuke kwamba mdudu huyo aweza kutoboa hata mfuko wa plastiki.

Tatu, kupepeta na kuokota wadudu waonekanao hakuokoi maharage. Wazazi huondoka, mabuu hubaki ndani. Lakini kugeuzageuza maharage kila siku katika wiki za kwanza husaidia dhidi ya Acanthoscelides, kwa sababu buu mchanga wake huhitaji kujiegemeza kati ya punje mbili ili atoboe, na punje zikihama kila mara hupoteza egemeo lake, hata akafa kabla ya kuingia. Njia hiyo haina faida kwa Zabrotes, ambaye hubandika yai juu ya punje yenyewe, wala kwa dumuzi. Nne, kwa samaki, Dermestes huzuiliwa kwa kukausha vizuri na kwa chumvi ya kutosha, na mabaki ya zamani yasiachwe ghalani, maana buu wake hujificha hata ndani ya mbao ili apite hatua ya pupa. Tano, si kila kadudu ni wa kuuawa. Anayenyunyizia dawa shamba lote huua pia Coccinellidae waliokuwa wakimfanyia kazi bila malipo.

8. Hitimisho

Maelezo haya yameonyesha kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kueleza mbawakawa. Kichwa, kidari, fumbatio, kipapasio, taya, buu, fukusi, dumuzi, dundu na kimulimuli ni maneno yaliyopo, na mengine yalikwisha kusanifiwa na TUKI katika kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990. Kilichokosekana ni daraja kati ya kamusi hizo na Kiswahili kinachosemwa Uvira, Kiliba, Sange, Luvungi na Baraka.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Heshima hiyo itakuwa na maana zaidi ikiwa mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili watashirikiana katika kazi ndogo ndogo: kukusanya majina ya wadudu kwa Kivira, Kifuliiru, Kibembe na Kirundi pamoja na mdudu mwenyewe ndani ya chupa, ili jina lisiandikwe bila mwenye jina, kuandika pembeni ya kila jina hatua ya maisha na chakula chake, na kuwazoeza wanafunzi kuuliza maswali mawili, la familia na la hatua, kabla ya kutoa shauri lolote.

Neno "kadudu" halina haja ya kufukuzwa. Ni neno zuri la nyumbani na lina historia ndefu katika lugha za Kibantu. Linahitaji tu kufuatwa na maneno mengine: kadudu wa familia gani, buu au mzazi, mharibifu au msaidizi. Mwanafunzi awezaye kuyajibu hayo kwa Kiswahili aweza kumsaidia mzazi wake kuchagua kati ya majivu, chumvi na mfuko usiopitisha hewa kabla ya mavuno kuingia ghalani.